MJUMBE ALIYE UBONGONI: JINSI HOMONI ZINAVYOTUUNGANISHA

Na Mwanachama, Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kwamba mtu ni watu. Methali hii tunaitumia sana katika insha zetu, na wengi wetu hudhani ni pambo tu la kumfurahisha mtahini. Mimi leo nataka kukuonyesha kwamba methali hii ina ukweli hata ndani ya ubongo na damu yako.

Kuna homoni mbili ambazo sisi wa kidato cha tatu tumekwisha kukutana nazo katika Bayolojia. Ya kwanza tulifundishwa tukiwa kidato cha pili, katika mada ya figo. Hiyo ni vasopresini, ambayo vitabuni mwetu huandikwa kwa herufi tatu, ADH. Ya pili tumeisoma mwaka huu katika mada ya uzazi, nayo inaitwa oksitosini. Kwa ajili ya mtihani unaandika kwamba ya kwanza hurudisha maji mwilini na ya pili hukaza nyumba ya uzazi wakati wa kujifungua. Unapata alama zako mbili, basi, kwisha.

Lakini mambo hayaishii hapo. Homoni hizo hizo, zinazotoka sehemu ile ile ya ubongo, zinahusika pia na jinsi mama anavyomjua na kumpenda mwanawe, na jinsi wanyama wanavyokuwa marafiki. Neno ninalotaka ulishike hadi mwisho ni hili: mwili na hisia hazikai nyumba mbili. Anayemtisha mama mwenye mtoto mchanga hamuudhi tu. Anagusa maziwa yenyewe.

HOMONI NI NINI?

Homoni ni kemikali inayotengenezwa mahali pamoja mwilini na kusafiri katika damu hadi mahali pengine ili kufanya kazi fulani. Ni mjumbe. Sasa utauliza, ikiwa damu inafika kila mahali, mbona homoni isifanye kazi kila mahali?

Hebu fikiria umesimama kwenye kituo cha magari jioni. Manamba anapiga kelele, "Thika! Thika! Thika!" Watu wote pale wanamsikia, hata muuza njugu anamsikia, lakini wanaopanda gari ni wale tu wanaokwenda Thika. Wengine wanaendelea na shughuli zao. Homoni nayo hupita ikiita, lakini chembe zinazoitikia ni zile tu zenye vipokezi vyake. Kipokezi ni kama kufuli, na homoni ni ufunguo wake. Chembe isiyo na kufuli hiyo haina habari. Jambo hili la vipokezi ulikumbuke, maana litatufaa huko mbele.

Oksitosini na vasopresini hutengenezwa katika sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi. Sehemu hii si kubwa kuliko korosho chache, lakini ndiyo inayosimamia njaa, kiu, joto la mwili na mengine mengi. Kutoka hapo homoni hizi huteremka kupitia nyuzi za neva hadi kwenye tezi ya pituitari, ambayo ni ndogo kama punje ya njegere, nazo huwekwa akiba huko nyuma ya tezi. Ikifika amri, hutolewa kwenye damu. Isitoshe, kiasi kingine cha homoni hizi hutolewa ndani ya ubongo wenyewe, bila kupitia damu. Kwa hiyo mjumbe huyu ana njia mbili: moja ya kwenda mwilini, na nyingine ya kuzunguka humo humo ubongoni.

Homoni hizi ni ndugu wa toka nitoke. Kila moja ni mnyororo mfupi wa asidi amino tisa, na kati ya hizo tisa, zinazotofautiana ni mbili tu. Sisi wa Chama cha Kiswahili tunaweza kulielewa jambo hili kuliko hata wenzetu wa Chama cha Sayansi. Chukua neno "kusimamia" na neno "kusimulia". Kila moja lina herufi tisa. Zilizobadilika ni mbili tu, na maana imekuwa nyingine kabisa. Ndivyo ilivyo kwa oksitosini na vasopresini.

KAZI YA VASOPRESINI: KULINDA MAJI

Figo zako huchuja maji kiasi cha lita 180 kwa siku moja. Hiyo ni sawa na mitungi 9 ya lita 20, ile ile tunayobebea maji. Lakini mkojo unaotoka kwa siku ni kama lita moja na nusu hivi. Maji mengine yote yanarudishwa kwenye damu, na vasopresini ndiyo inayoamua yarudi kiasi gani mwishoni.

Ukitembea kwenda shuleni kwa jua kali, ukatoka jasho na usinywe maji, haipothalamasi hutambua kwamba damu imekuwa nzito kwa chumvi. Vasopresini hutolewa, figo zikabana maji, na mkojo ukawa kidogo na wa rangi ya chai ya rangi. Ukinywa maji mengi, vasopresini hupungua, nawe utaomba ruhusa ya kutoka darasani mara mbili kabla ya mapumziko. Pombe nayo huzuia homoni hii. Ndiyo sababu mlevi hukojoa sana usiku, kisha huamka asubuhi na kiu kama aliyevuka jangwa.

KAZI YA OKSITOSINI: KULETA MTOTO DUNIANI

Mwaka 1906 Mwingereza Henry Dale aligundua kwamba maji yaliyotolewa katika tezi ya pituitari yalifanya nyumba ya uzazi ya paka ikaze. Hapo ndipo jina oksitosini lilipotokea, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya kuzaa upesi. Baadaye mwanakemia wa Marekani, Vincent du Vigneaud, alijua jinsi asidi amino zake zilivyopangwa, na mwaka 1953 akaweza kuitengeneza katika maabara. Mwaka 1955 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia.

Wakati wa kujifungua, kichwa cha mtoto hukandamiza mlango wa nyumba ya uzazi. Neva hupeleka habari ubongoni, na ubongo ukatoa oksitosini. Oksitosini hukaza nyumba ya uzazi, kichwa kikakandamiza zaidi, habari zikapelekwa tena, na oksitosini nyingi zaidi ikatolewa. Mambo mengi mwilini yakizidi hupunguzwa, lakini hili huzidi kuzidi mpaka mtoto atoke.

Mtoto akishatoka na kondo la nyuma likatoka, kazi ya oksitosini bado. Mahali kondo lilipokuwa limeshikamana pamebaki mishipa ya damu iliyo wazi. Nyumba ya uzazi lazima ijikaze ili iibane mishipa hiyo. Isipojikaza, mama huvuja damu, na anaweza kufariki kwa muda mfupi. Kuvuja damu baada ya kujifungua ni miongoni mwa sababu kubwa zaidi za vifo vya akina mama duniani. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri kila mama anayejifungua apewe oksitosini, vizio 10, kwa njia ya sindano.

Tatizo ni kwamba dawa hii huharibika kwa joto. Yapasa kuwekwa baridini, kati ya nyuzi 2 na 8 za selisiasi. Sasa fikiria zahanati ya mashambani ambako umeme hupotea mara kwa mara. Sindano inaweza kuwepo, muuguzi akawepo, na dawa ndani yake ikawa imekufa kitambo. Kwa bahati njema kuna dawa ya ukoo mmoja na oksitosini, inayoitwa kabetosini, ambayo imetengenezwa kwa namna inayostahimili joto. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2018, baada ya kuijaribu kwa akina mama karibu 30,000 katika nchi 10, Kenya na Uganda zikiwemo, yalionyesha kwamba inazuia kuvuja damu sawa na oksitosini.

Aidha, mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti mwingine uliofanyika katika hospitali za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, uliohusu akina mama zaidi ya 200,000. Wakunga walitumia karatasi ya plastiki yenye alama za kupimia damu inayotoka. Damu ikifikia kiwango cha hatari hawakungoja. Walimkanda mama tumbo, wakampa dawa za kukaza nyumba ya uzazi na ya kuzuia damu, wakamtundikia maji, wakampima, yote kwa pamoja. Visa vya kuvuja damu vibaya vilipungua kwa asilimia 60. Wenzangu wenye ndoto ya kuwa wauguzi na madaktari, hapo pana kazi inayowangoja.

MAZIWA NA HOFU

Sasa tumefika mahali ambapo mimi mwenyewe paliniingia moyoni.

Maziwa ya mama hutengenezwa kwa amri ya homoni nyingine inayoitwa prolaktini. Lakini kutengenezwa ni jambo moja, na kutoka ni jambo lingine. Mtoto anapoanza kunyonya, neva za chuchu hupeleka habari ubongoni, oksitosini ikatolewa, nayo ikaminya vifuko vidogo vya maziwa mpaka yashuke. Akina mama wengi husema maziwa huanza kutiririka hata kwa kumsikia tu mtoto analia. Sauti tu! Hapo unaona kwamba ubongo umehusika, wala si titi peke yake.

Wafugaji walilijua jambo hili zamani sana. Ng'ombe huficha maziwa akikamuliwa na mgeni au akiwa na hofu. Ndiyo maana ndama huletwa anyonye kidogo kwanza, na mkamuaji humwimbia ng'ombe au kumwita jina. Katika jamii mbalimbali za wafugaji, ndama akifa, ngozi yake hujazwa nyasi na kuwekwa mbele ya mama yake ainuse, ili akubali kukamuliwa.

Mwaka 1941 wataalamu wawili wa Marekani, Ely na Petersen, waliamua kulipima jambo hili. Walimtisha ng'ombe kwa kumwekea paka mgongoni na kupasua mifuko ya karatasi, pa! pa! pa!, kwa muda wa dakika mbili. Maziwa yakakataa kushuka. Na usidhani ni ng'ombe tu. Mwaka 1948 bwana na bibi Newton, nao wa Marekani, walilifanya jaribio kama hilo kwa mama anayenyonyesha, naye alikuwa bibi mwenyewe. Alipotumbukizwa miguu katika maji ya barafu, au alipoulizwa maswali ya hesabu mfululizo, maziwa aliyopata mtoto yalipungua sana. Alipodungwa oksitosini huku akisumbuliwa vile vile, maziwa yakarudi karibu na kawaida. Kumbe maziwa yalikuwemo. Kilichokosekana ni mjumbe. (Na kuhusu hesabu, nadhani wengi wetu tunamwelewa mama huyo.)

Nilipoyasoma hayo nilimkumbuka dada yangu mkubwa. Alipojifungua mtoto wake wa kwanza, siku ya tatu maziwa yalikuwa hayajashuka vizuri, na mtoto alikuwa akilia usiku kucha. Huko alikojifungulia alikuwa amekaripiwa mbele ya wagonjwa wengine, akaambiwa ni mvivu na hajui kumshika mtoto. Akaja nyumbani analia. Nyumbani nako majirani walijaa chumbani, kila mmoja na lake. Mmoja alisema ni kijicho. Mwingine alisema, tena dada akisikia, eti mama akimkataa mtoto moyoni maziwa hukauka. Dada akazidi kulia, na maziwa yakazidi kukataa.

Nyanya yangu ndiye aliyemaliza maneno. Aliwatoa watu wote nje, hata mimi, akafunga pazia. Akampa dada uji wa moto. Akamvua mtoto nguo, akamlaza kifuani pa mama yake, ngozi kwa ngozi, akawafunika wote wawili kwa shuka, kisha akaketi karibu akisuka ukili bila kuuliza neno. Jioni hiyo mtoto alinyonya akashiba, akalala. Nyanya hajui haipothalamasi ni mnyama gani, lakini alijua kazi yake barabara.

Ikumbukwe kwamba si kila uhaba wa maziwa unatokana na hofu. Kwa kawaida siku mbili tatu za kwanza hutoka dang'a tu, nayo ni kidogo ingawa ni bora sana kwa mtoto. Tena kuna magonjwa, kuna kuvuja damu nyingi, na kuna mtoto asiyejua kushika titi. Mama mwenye shida hii apelekwe kliniki. Ninachosema ni kwamba yule jirani alikosea mara mbili. Kwanza, upendo wa dada haukuwa umepungua hata kidogo. Pili, maneno yenyewe yalikuwa kama ule mfuko wa karatasi unaopasuliwa karibu na ng'ombe.

HOMONI NA KUSHIKAMANA

Je, homoni inayotoa maziwa inahusikaje na mapenzi? Jibu lilianza kuonekana kwa kondoo. Kondoo jike aliyezaa humjua mwanawe kwa harufu katika muda wa saa mbili hivi, na baada ya hapo mwana-kondoo mwingine akisogea hupigwa kichwa. Katika miaka ya 1980 watafiti wa Cambridge, Uingereza, walitia oksitosini ndani ya ubongo wa kondoo majike ambao hawakuwa na mimba. Muda mfupi baadaye wengi wao walianza kuwalamba na kuwalinda wana-kondoo wasio wao. Homoni ile ile inayomsukuma mtoto nje inauandaa ubongo wa mama kumpokea. Angalia mpango huo ulivyo wa ajabu: mjumbe mmoja anafungua mlango na papo hapo anamwamsha mwenyeji.

Huko Marekani kuna aina ya panya mdogo wa mbugani ambaye dume na jike hukaa pamoja kwa muda mrefu na kulea pamoja. Ana jamaa yake wa milimani anayefanana naye sana, lakini huyo hana habari na mwenzake baada ya kupandana. Wataalamu walipochunguza bongo zao katika miaka ya 1990, waligundua kwamba vipokezi vya oksitosini na vasopresini vimekaa mahali tofauti. Kwa yule wa mbugani, vipokezi vya oksitosini ni vingi katika sehemu ya ubongo inayoleta raha. Unamkumbuka manamba wetu? Wito ni ule ule, lakini wanaoupokea ni wengine.

Jirani zetu wa Uganda nao wana mfano mzuri. Katika msitu wa Budongo watafiti hufuatana na sokwe kutwa nzima, na sokwe akikojoa juu ya mti, wao hukusanya matone yaliyoangukia majani ili wapime oksitosini. Kazi hiyo si ya mwenye kinyaa! Matokeo yao ya mwaka 2013 yalionyesha kwamba sokwe akisafishwa manyoya na rafiki yake wa karibu, oksitosini yake huwa juu. Akisafishwa na asiye rafiki, haipandi vile. Na rafiki huyo si lazima awe ndugu wa damu. Mwaka uliofuata wakaonyesha kwamba baada ya kugawana chakula homoni hiyo huwa juu hata kuliko baada ya kusafishana. Ukigawana chapati na mwenzako saa saba, kumbe unafanya jambo la kale sana.

Na akina baba je? Msidhani wameachwa nje. Utafiti uliofanywa nchini Israeli na kutangazwa mwaka 2010 ulipima oksitosini ya wazazi katika miezi sita ya kwanza ya mtoto. Ya baba ilipanda kama ya mama. Kwa mama iliendana na kumbembeleza na kumwangalia mtoto kwa upendo, na kwa baba iliendana na kucheza naye, kumrusharusha na kumwonyesha vitu. Baba hazai wala hanyonyeshi, lakini akimshika mtoto wake, ubongo wake nao unajua.

SI DAWA YA MAPENZI

Hapa naomba tusikilizane vizuri, maana wapo watakaofunga gazeti hili na kwenda kutafuta oksitosini ya kumpulizia fulani wa kidato cha pili. Usihangaike.

Mwaka 2005 watafiti wa Zürich, Uswisi, walitangaza kwamba watu waliopuliziwa oksitosini puani walimwamini mtu wasiyemjua na kumkabidhi pesa zaidi. Habari hiyo ilizagaa duniani, na homoni ikabandikwa jina la homoni ya upendo. Wapo hata walioanza kuuza manukato kwa jina hilo. Lakini jaribio hilo liliporudiwa kwa watu wengi zaidi, na matokeo kutolewa mwaka 2020, ile imani ya jumla haikuonekana. Wale panya wa mbugani nao walitoa somo jipya mwaka 2023. Wanasayansi walizalisha panya wasio na kipokezi cha oksitosini kabisa, na bado panya hao walichagua wenzi wao na kushikamana nao. Kwa hiyo oksitosini ni mjumbe mmoja kati ya wengi. Uhusiano wa viumbe hautegemei ufunguo mmoja tu.

Kuna jambo jingine lililonifanya nifikiri sana. Mwaka 2010 watafiti wa Uholanzi walionyesha kwamba wanaume waliopewa oksitosini walijitolea zaidi kwa ajili ya kundi lao, lakini pia walikuwa wepesi zaidi kulikinga dhidi ya kundi jingine. Maana yake ni kwamba mjumbe huyu hasemi, "Wapende watu wote." Ni kama anasema, "Shikamana na walio wako." Sasa walio wako ni akina nani? Hilo homoni haikuambii. Hilo tunafundishwa nyumbani, shuleni na mitaani. Kondoo humjua wake kwa harufu. Sisi wengine tumefundishwa kumjua wetu kwa jina la ukoo na lugha ya mama, na wazazi wetu waliona mwishoni mwa mwaka 2007 na mwanzoni mwa 2008 mafunzo ya namna hiyo yanavyoweza kuiumiza nchi. Bali katika chama hiki chetu tunaketi watu wa makabila chungu nzima, na lugha tunayozungumza ni moja. Nafikiri hiyo pia ni njia ya kuuambia ubongo ni nani aliye wako.

TUFANYE NINI BASI?

Elimu isiyotumika ni kama taa iliyofunikwa chungu. Mimi nina mapendekezo machache.

Kwanza, mama anayejifungua asiachwe peke yake. Shirika la Afya Duniani linashauri awe na mtu anayemchagua mwenyewe wa kumshika mkono, awe mumewe, mama yake au rafiki. Hofu na upweke haviisaidii kazi ya uzazi.

Pili, mtoto akizaliwa alazwe kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi. Njia hii ilianzishwa mjini Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, kwa sababu mashine za kuwatia joto watoto njiti zilikuwa chache. Utafiti uliotangazwa mwaka 2021, ambao ulifanyika Tanzania, Malawi, Ghana, Nigeria na India, ulionyesha kwamba watoto wadogo waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa walikufa kwa uchache zaidi, pungufu kwa asilimia 25, kuliko wale waliosubiri. Sababu zake ni nyingi, kama vile joto, maziwa na kuepushwa na vijidudu, lakini mashine yenyewe ni mama, na haihitaji umeme.

Tatu, tuchunge ndimi zetu. Ukiingia nyumba yenye mzazi, usiende kuuliza mbona mtoto analia, mbona maziwa hayatoshi, mbona hivi mbona vile. Mpelekee uji, osha vyombo, mchotee maji, ondoka. Hata sisi wavulana tunaweza. Mtungi wa maji haujui aliyeubeba ni mvulana au msichana.

Nne, ndugu zangu wa kidato cha tatu, tukisoma Bayolojia tusiishie kwenye alama mbili. Swali la mtihani huuliza, "Taja kazi ya oksitosini." Jibu la kitabu litakupa alama zako, nami sikukatazi kuliandika. Lakini ukifika nyumbani ukamkuta mama, dada au shangazi ana mtoto mchanga, jibu lingine linakungoja pale mlangoni, nalo ni namna utakavyoingia: kwa kelele au kwa utulivu.

Wino unaniishia na mhariri ananikodolea macho. Kiswahili kitukuzwe!